Sura ya Saba: Kuwaka Si Kupona

Anayenunua jetiski ya kusimama iliyolala miaka mingi huwa na hamu moja kubwa: kuisikia ikinguruma. Analeta betri mpya, anamimina mafuta kidogo kwenye mdomo wa kabureta, anabonyeza stata, na mara nyingi chombo kinawaka. Furaha inamjaa. Jumamosi anakipeleka ziwani, kinakwenda vizuri kwa muda, kisha kinapungua nguvu katikati ya maji na kuzima. Akifungua silinda anakuta pistoni imekwaruzika vibaya upande wa njia ya moshi, au imetoboka kabisa kichwani. Chombo kilichovumilia miaka thelathini ya kusahauliwa kimekufa kwa sababu ya kuharakishwa kufufuliwa.

Katika kitabu hiki tumeshaona mashine nyingi zinazoharibiwa na kazi. Hii inaharibiwa na mapumziko. Ndiyo maana nasema kuwaka ni kipimo dhaifu kuliko vyote. Injini ya mipigo miwili inaweza kuwaka ikiwa na viwambo vya kabureta vilivyokauka, mipira iliyopasuka na sili za krenki zinazovuja hewa. Inachohitaji ili iwake ni moto wa plagi, matone ya petroli na kompresheni kidogo. Inachohitaji ili iishi ni kitu kingine, na hicho hakisikiki kwa sikio siku ya kwanza.

Mfano wangu utakuwa Kawasaki JS440 na ndugu yake JS550, kwa kuwa ndizo unazozikuta zaidi nyuma ya nyumba na kwenye mabanda ya magari huko Marekani, zimefunikwa turubai, juu ya trela lenye matairi yaliyokwisha upepo. Mengi nitakayosema yanafaa pia kwa Yamaha SuperJet za mipigo miwili za mwaka 1990 na kuendelea, na kwa Kawasaki kubwa za 650 na 750.

Kwanza tujue zilifikaje huko mabandani. Clayton Jacobson II, Mmarekani aliyependa mashindano ya pikipiki za mchangani, alichoka kuanguka kwenye ardhi ngumu. Akawaza pikipiki ya majini, ambayo mtu akianguka anaangukia maji. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa ameshaunda chombo chake cha kwanza, cha aluminiamu, na baada ya majaribio akakipa injini iliyofichwa ndani na pampu inayonyonya maji chini na kuyarusha nyuma kwa nguvu, bila propela inayochomoza nje. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ilichukua wazo hilo na mwaka 1968 ikatoa Sea-Doo ya kukaa, lakini haikudumu sokoni. Kawasaki ndiyo iliyoamini chombo cha kusimama. Mwaka 1973 ikatoa JS400, na jina la biashara Jet Ski likawa lake hadi leo.

Kuna jambo katika michoro ya Jacobson ambalo bado linanistaajabisha kwa werevu wake. Mwendeshaji akianguka na kuachia mafuta, injini ya vyombo hivi vya kwanza ilibaki ikinguruma taratibu na chombo kikazunguka duara polepole mpaka kimrudie mwenyewe. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyekwisha kuanguka mara nyingi na kujua inavyochosha kuogelea kukifuata chombo. Kamba ya usalama inayofungwa mkononi, inayozima injini ukianguka, ilikuja kuwa ya kawaida baadaye.

JS440 iliuzwa kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, muda mrefu usio wa kawaida kwa chombo cha michezo. JS550 ilifuata mwaka 1982, mwaka uleule mashindano ya dunia yalipoanza kufanyika Lake Havasu City, Arizona. Lakini kusimama juu ya jetiski si rahisi. Unaanza ukiwa umelala kifudifudi, viwiko juu ya trei, chombo kikikuvuta, kisha magoti, kisha miguu. Wageni wengi huishia kunywa maji. Katikati ya miaka ya 1980 Yamaha ikaleta WaveRunner ya kukaa, mwaka 1988 Sea-Doo ikarudi, na familia zikahamia huko, baba na mtoto juu ya kiti kimoja. Za kusimama zikasukumwa pembeni.

Kisha ikaja sheria. Injini ya mipigo miwili yenye kabureta hutupa nje sehemu ya petroli kabla haijaungua, na petroli hiyo huishia majini. Serikali ya Marekani ilianza kubana utoaji moshi wa injini za boti kuanzia matoleo ya mwaka 1998, na katika Ziwa Tahoe injini za aina hii zikapigwa marufuku mwaka 1999. Malalamiko ya watu wa Tahoe yalikuwa ya haki, na anayefufua chombo hiki leo anapaswa kujua ni maji gani yanamruhusu kabla ya kununua hata plagi. Wakati huohuo nawaelewa wanaozitafuta. Kawasaki SX-R iliyotoka mwaka 2017, yenye injini ya mipigo minne, ina uzito wa kilo 250. JS440 ina kilo 110 hivi. Watu wawili wanaibeba kutoka kwenye trela hadi majini, na ikiinama kwenye kona inainama pamoja na mwili wako.

Sasa tuingie kazini. Swali la kwanza kumuuliza anayekuuzia si bei, ni hili: kwa nini uliiweka? Sikiliza vizuri. Akisema watoto walikua wakahama, hiyo ni habari njema. Akisema ilikuwa inakwenda vizuri, ghafla ikapungua nguvu, basi hujanunua chombo kilicholala, umenunua injini iliyokwisha kuumia, na bei iwe ya hivyo. Akisema hajui, kwa kuwa na yeye aliinunua hivyohivyo, chukulia kwamba kila kitu ndani yake ni kibovu mpaka kithibitike kuwa kizima.

Kisha tazama nyuma ya bodi. Kila chombo cha aina hii kilichouzwa Marekani tangu mwishoni mwa 1972 kina namba yenye herufi na tarakimu 12, na ya Kawasaki huanza na KAW. Katika muundo wa namba unaotumika tangu 1984, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa toleo. Zilinganishe na hati ya muuzaji. Vyombo hivi huibiwa, na hakuna maumivu kama kumaliza ukarabati kisha ukanyang'anywa na mwenye mali halali.

Fungua boneti uiache wazi. Nafasi ile imezibwa ili maji yasiingie, kwa hiyo mvuke wa petroli nao hauna pa kutokea, na cheche moja ya stata inatosha kulipua. Toa mafuta ya zamani yote kwenye tangi. Petroli ya Marekani huwa na ethanoli, na ethanoli hunywa unyevu wa hewa. Ikishiba hujitenga na petroli, ikazama chini pamoja na maji yake, palepale mrija wa kunyonyea ulipo. Ukinusa utasikia harufu kali kama ya vanishi. Usiyamwage ardhini; manispaa nyingi zina mahali pa kupokea taka za hatari.

Chomoa plagi. Chungulia kila tundu kwa tochi. Kisha shika kapilingi, kile kiungo kati ya injini na shafti ya pampu, ujaribu kuzungusha kwa mkono. Ikizunguka, vema. Ikigoma, usiguse stata: nguvu yake itavunja ringi au kung'oa meno yake yenyewe. Mimina ndani ya kila silinda mafuta ya gia za otomatiki yaliyochanganywa na asetoni nusu kwa nusu, uache siku kadhaa, ukiongeza kidogo kila yanapopungua, na kila siku ujaribu kuzungusha kidogo mbele na nyuma. Kutu ikiachia, huachia taratibu. Baada ya hapo fungua bomba la moshi uangalie pistoni kupitia tundu lake. Upande huo ndio wenye joto kali, na ndipo mikwaruzo huonekana kwanza. Pistoni safi yenye mistari hafifu ya kiwandani ni baraka. Yenye mifereji ya wima inakuambia historia ambayo muuzaji hakuisema.

Pima kompresheni, mafuta yakiwa yamevutwa hadi mwisho na nyaya za plagi zimefungwa kwenye bodi ya injini. Hili la nyaya nalisisitiza. Ukizungusha injini bila plagi, ukungu wa petroli unatoka kwenye matundu, na waya unaoning'inia ukitoa cheche unauwasha. Namba kamili inategemea toleo la injini, ila muhimu zaidi ni ulingano. Upande mmoja ukisoma psi 130 na mwingine 90, silinda lazima zifunguliwe, hata kama injini inawaka.

Tufike kwenye kabureta, mahali ambapo nataka tukae. Kabureta za Mikuni zilizofungwa kwenye vyombo hivi hazina bakuli la mafuta wala boya kama za pikipiki, kwa sababu chombo kinaegama na kupinduka. Badala yake zina viwambo vyembamba vya mpira. Kimoja ni pampu: hupokea mapigo ya hewa kutoka kwenye chemba ya krenki kupitia mpira mdogo, na mapigo hayo hukisukuma juu na chini kikivuta petroli kutoka tangini. Kingine ni mlinzi wa mlango: injini inaponyonya, kinavutwa, kinabonyeza mkono mdogo wa chuma, mkono unainua sindano kwenye kiti chake, petroli inaingia.

Fungua skrubu za kifuniko, ukiinua polepole. Kiwambo kizima ni laini kiasi kwamba kinalegea kidoleni kama kitambaa kilicholowa. Kilichokaa miaka ishirini kinabaki na umbo la kifuniko, kigumu, wakati mwingine na duara la kahawia katikati. Kigumu hivyo hakiwezi kuvutwa inavyotakiwa, kwa hiyo sindano inafunguka kidogo tu, na injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Bila kuvuta mafuta sana hutaona tofauti. Ukivuta hadi mwisho, pistoni inaungua. Upande wa pampu kuna vipande viwili vya plastiki nyembamba vinavyofanya kazi ya milango ya njia moja. Vikikunjika ncha, petroli inarudi ilikotoka. Chini ya kifuniko hichohicho kuna chujio dogo la wavu ambalo wengi hawajui lipo. Mara nyingi limeziba kwa utando wa kijani.

Usihifadhi chochote cha mpira humo. Nunua seti kamili ya vipuri vya kabureta, pamoja na sindano na kiti chake, na ukubali kulipa zaidi kupata ya kampuni iliyotengeneza kabureta yenyewe. Seti za bei rahisi nimeona zikiwa na viwambo vigumu zikiwa mpya. Osha vijia vyote kwa dawa ya kabureta, pitisha hewa, hakikisha dawa inatokea upande wa pili. Mkono mdogo wa chuma uwe sawa na sakafu ya kabureta. Kisha ziba njia zote na upulize kwa pampu yenye geji kwenye mdomo wa petroli: sindano ifunguke kwa presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha chombo, ijifunge, na isivuje tena. Mipira yote ya mafuta, klipu zake, na mpira ule mdogo wa mapigo, tupa uweke mipya. Skrubu zote mbili za kurekebisha, ya mwendo mdogo na ya mwendo mkubwa, zianzie karibu mzunguko mmoja kutoka kufungwa, na ya mwendo mkubwa ni bora izidishe petroli kuliko kuipunguza.

Msomaji wa pwani yetu ataona mengi haya si mageni. Kuanzia Lamu hadi Mtwara wavuvi wanatumia mota za mipigo miwili, wanachanganya oili na petroli kwa mikono yao, na fundi wa mota za boti pale Feri, Dar es Salaam, akipewa injini ya JS550 mezani hatapotea. Ataona tofauti moja kubwa: mota ya boti ina pampu yake ndogo ya mpira ya kupoza injini, na jetiski haina. Maji ya kupoza yanatoka kwenye pampu ileile inayoisukuma. Pampu isipofanya kazi, kupoza hakuna.

Baada ya kabureta, watu wengi hufunga na kuwasha. Hapa ndipo naomba subira ya jioni moja zaidi. Krenki ya injini hii imezibwa kwa sili za mpira, mbele karibu na flaiwili na nyuma karibu na kapilingi. Zikikaa kavu miaka mingi, mdomo wake unakakamaa. Katika injini ya gari sili mbovu inadondosha oili sakafuni na unaiona. Katika injini ya mipigo miwili inafanya kinyume: inaingiza hewa ndani, kimyakimya, na hewa hiyo inapunguza petroli na oili kwa wakati mmoja. Hata kabureta iwe safi kiasi gani, haiwezi kufidia hewa isiyopita kwake.

Kuipima si kazi kubwa. Ziba njia ya kuingiza na ya moshi kwa vipande vya mpira na bati, ziba tundu la mapigo, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi kwa pampu ya mkono mpaka presha ya psi 8 tu, yaani kama robo ya upepo wa tairi la gari. Usizidishe, utasukuma sili nje. Subiri. Ikishuka zaidi ya 1 kwa dakika, pana uvujaji. Paka maji ya sabuni kwenye viungo, kwenye gaskiti ya chini ya silinda, na nyuma ya flaiwili. Povu dogo linaloanza kuumuka pembeni ya shafti, punje kwa punje, ndilo jibu. Limeokoa pistoni nyingi kuliko kifaa chochote ninachokijua, na wengi hawalioni kamwe kwa kuwa hawakulitafuta. Sili mpya ni bei ndogo ukilinganisha na injini, ingawa kuzifikia huenda kukataka injini ishushwe.

Yaliyobaki yanakwenda haraka. Beringi za shafti zitiwe grisi. Impela itazamwe kingo zake, kwa sababu mchanga na kokoto huzila, na nafasi kati yake na ukuta wa pampu iwe chini ya nusu milimita. Ikipanuka, injini itapiga kelele nyingi na chombo kikakwenda polepole. Waya wa usukani ulainike. Bonyeza bodi na uipime uzito: povu gumu lililowekwa ndani ili chombo kielee linaweza kunywa maji, na jetiski nzito isiyo na sababu nyingine ina povu lililolowa. Swichi ya kuzima lazima ifanye kazi kabla ya kuwasha, tena uijaribu mwenyewe.

Oili iwe ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Ile ya pikipiki imekusudiwa injini yenye joto zaidi. Uwiano wa kawaida kwa matoleo mengi ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5 za petroli, lakini fuata kitabu cha toleo lako, na kwa tangi la kwanza zidisha oili. Moshi utakuwa mwingi, na hauna dhara kwa injini iliyolala.

Siku ya kuwasha juu ya trela unahitaji mpira wa maji wa bustani, na utaratibu wake haubadiliki: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji, funga maji kwanza, ndipo uzime injini. Ukifungua maji injini ikiwa imezima, yanajaa njia ya moshi, yanapanda, yanaingia kwenye silinda, na kazi yako yote inarudi nyuma. Bila maji usiiache izidi sekunde 15. Tazama kitundu cha ubavuni kinachotoa maji ya kupoza. Mkondo wake uwe thabiti.

Ziwani tafuta maji yanayopita magoti, angalau sentimita 60, ili pampu isinyonye mchanga. Vaa koti la kuelea na ufunge kamba ya usalama kama chombo kinayo. Katika tangi la kwanza badilisha mwendo mara kwa mara, usivute mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu, na kila baada ya muda rudi ufukweni uguse kichwa cha injini. Kiganja kikae pale bila kuungua. Injini ikisikika nyepesi na kali kwenye mwendo mkubwa, kama inayokimbia kuliko inavyosukuma, achia mafuta mara moja. Hiyo ni njaa ya petroli, wala si nguvu iliyorudi.

Tangi likiisha, kaza tena bolti za kichwa cha silinda kwa kipimo, angalia klipu za mipira, chomoa plagi uzisome. Nyeupe maana yake petroli haitoshi: fungua skrubu ya mwendo mkubwa kidogo na urudie kupima uvujaji kabla ya safari nyingine. Nyeusi na mbichi maana yake imezidi, na hiyo inarekebishwa taratibu bila hofu. Rangi ya kahawia kwenye plagi za silinda zote mbili, kompresheni ileile uliyoanza nayo, kapilingi isiyo na joto: hapo unaweza kujaza tangi la pili na kuvuta mafuta hadi mwisho. Rangi ya bodi na zulia la trei vitasubiri majira ya baridi.